Kutu ya chuma na hesabu ya mfuko wa mbolea

MKULIMA wa mahindi wa Mbozi au Songea hahitaji kuelezwa mwaka 2022 ulikuwaje. Urea katika soko la dunia ilipita dola 900 kwa tani. Hapa nchini mfuko wa DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 130,000 kabla ya Serikali kuanza kutoa ruzuku Agosti mwaka huo na kuushusha hadi shilingi 70,000. Wenye maduka ya pembejeo nao walijikuta mtaji uleule unaleta nusu ya mzigo waliouzoea.

Chanzo cha balaa lile hakikuwa shambani wala bandarini. Kilikuwa kwenye bomba la gesi. Urea, CAN, SA na DAP zote hupata nitrojeni yake kutoka kwenye amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha nitrojeni ya hewani na haidrojeni. Nitrojeni ni ya bure, kwani hewa yote inayotuzunguka ina karibu asilimia 78 ya gesi hiyo. Kinachogharimu ni haidrojeni, na viwanda vingi duniani huitoa kwenye gesi asilia, au kwenye makaa ya mawe kama ilivyo China. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na gesi ikapanda zaidi Ulaya, mkulima wa Mbozi akalipia sehemu yake.

Lakini haidrojeni imo pia kwenye maji. Ukitumbukiza vibati viwili vya chuma ndani ya maji yaliyochanganywa na alkali kali, ndugu ya ile kostiki ya watengeneza sabuni, kisha ukaviunganisha na umeme wa betri, kibati kimoja kitatoa mapovu ya haidrojeni na kingine mapovu ya oksijeni. Mwanafunzi wa sekondari hulifanya jaribio hili kwa saa moja. Viwanda nako si jambo geni: Rjukan huko Norway walianza kutengeneza mbolea kwa njia hii mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa umeme wa maporomoko ya maji, na Aswan nchini Misri wakafuata mwaka 1960 kwa umeme wa mto Nile.

Swali ni je, kama njia ipo miaka yote hiyo, kwa nini mbolea bado inategemea gesi? Jibu fupi ni umeme. Jibu refu linaanzia kwenye kile kibati kinachotoa oksijeni.

Upande mgumu

Kwa hesabu ya wanasayansi, maji yanapaswa kuanza kuachana kwa volti 1.23 tu. Kiwandani, mitambo mingi ya alkali hutumia kati ya volti 1.8 na 2. Ile ziada haitoi hata povu moja, bali inageuka joto. Mwenye mashine ya kusaga anaijua hali hii: beringi ikichoka, dizeli inaisha haraka na unga unabaki uleule.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo iko upande wa oksijeni. Haidrojeni hujitenga bila ubishi mkubwa. Ili oksijeni itoke, molekuli mbili za maji lazima zinyang'anywe elektroni nne, moja baada ya nyingine, kisha atomu mbili za oksijeni zikutane na kushikana. Kila hatua ina kizingiti chake. Kazi ya kichocheo ni kupunguza urefu wa vizingiti hivyo. Chenyewe hakiliwi katika kazi hiyo, au tuseme hakitakiwi kuliwa.

Jani la mahindi linaifanya kazi hii kila asubuhi bila waya. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwa undani mahali hasa kwenye jani ambapo maji hupasuliwa: ni fundo dogo lenye atomu nne za manganizi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni. Ndiyo sababu mmea wenye upungufu wa manganizi hupata umanjano kati ya mishipa ya majani na kudumaa. Kitu kingine cha kuangalia hapo ni matengenezo. Jua likiwa kali, jani hubadilisha protini inayoshikilia fundo hilo mara kwa mara, pengine ndani ya saa moja, kwa sababu kazi ya kutoa oksijeni inaichakaza. Kibati cha kiwandani hakina bahati hiyo.

Madini yanayovumilia upande wa oksijeni pale maji yanapokuwa na asidi ni machache mno, na linaloongoza ni iridiamu. Mitambo ya kisasa iliyo midogo na inayowaka na kuzima haraka huitegemea. Dunia nzima huchimba tani saba au nane tu za iridiamu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platinamu. Mwaka 2021 bei yake ilipita dola 6,000 kwa aunsi, yaani zaidi ya dola 190,000 kwa kilo. Nikeli, hata katika miaka yake mizuri, huuzwa kwa dola 15 hadi 30 kwa kilo. Hakuna mwenye akili timamu atakayejenga kiwanda kikubwa cha mbolea ya bei nafuu juu ya madini ya dola 190,000.

Uchafu uliogeuka mali

Kwenye maji ya alkali mambo ni tofauti. Huko nikeli inavumilia, na viwanda vya zamani vilitumia vibati vya chuma vilivyopakwa nikeli. Kwa miaka mingi mafundi waliona jambo la ajabu: baadhi ya vibati vya nikeli vilifanya kazi vizuri zaidi baada ya kukaa ndani ya alkali kwa muda kuliko vilipokuwa vipya. Ikadhaniwa nikeli yenyewe inabadilika kadiri inavyozeeka.

Mwaka 1987 mtafiti Dennis Corrigan wa kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa chembechembe kidogo sana za chuma ndani ya alkali ndizo zilizokuwa zikiongeza nguvu ya nikeli. Wengi hawakulitilia maanani. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher katika Chuo Kikuu cha Oregon likaisafisha alkali mpaka chuma kikaondoka kabisa, na nikeli safi ikaonekana kuwa kichocheo dhaifu. Uwezo uliosifiwa kwa miongo kadhaa kama wa nikeli ulikuwa umetokana kwa kiasi kikubwa na uchafu, ndugu wa ile kutu inayokula jembe lililoachwa kwenye mvua.

Tangu hapo kazi ya maabara nyingi imekuwa kuutia uchafu huo kwa makusudi na kwa kipimo. Mchanganyiko unaopendwa zaidi ni wa nikeli na chuma, uliopangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri, maji na ayoni zikipita katikati ya matabaka. Tatizo ni kwamba matabaka haya hayapitishi umeme vizuri, hivyo hayawezi kusimama peke yake. Ndipo yanapowekwa juu ya kitu kingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyaotesha juu ya nyuzi ndogo sana za kaboni. Wengine hutumia sifongo ya nikeli, yaani bati lenye matundu mengi kama dodoki, ambalo hupitisha umeme na kuyaachia mapovu njia ya kutokea. Kila kitu katika mchanganyiko kina kazi yake: kimoja hubeba, kingine hupitisha umeme, cha tatu huvunja maji.

Utengenezaji wake hauna anasa. Njia moja ni kuloweka sifongo ya nikeli kwenye maji yenye chumvi za nikeli na chuma, kisha kuipasha moto kwa saa kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa. Nyingine inafanana na upakaji wa kromu unaofanywa na mafundi wa vyuma mjini: kibati kinaning'inizwa kwenye maji ya madini, umeme unapitishwa, tabaka jembamba linashika.

Mfuko mmoja unakula uniti ngapi

Mkulima na mfanyabiashara wanahitaji kujua jambo hili lina thamani gani kwenye mfuko. Hesabu si ngumu. Mfuko wa CAN wa kilo 50 wenye asilimia 26 ya nitrojeni una kilo 13 za nitrojeni. Kilo hizo zinatoka kwenye karibu kilo 15.8 za amonia, na amonia hiyo inahitaji kilo 2.8 za haidrojeni.

Kila volti moja inayotumika kwenye mtambo ni sawa na uniti 26.6 za umeme kwa kilo ya haidrojeni. Kwa hiyo mtambo wa volti 2 hula uniti 53 kwa kilo, au uniti 149 kwa mfuko. Kichocheo kizuri kikiushusha hadi volti 1.7, kilo itakula uniti 45 na mfuko uniti 127. Tofauti ni uniti 22 kwa kila mfuko. Chukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba uniti ni shilingi 150: umeme wa mfuko mmoja unashuka kutoka shilingi 22,350 hadi shilingi 19,050. Kwa mifuko 10,000 ni shilingi milioni 33, na madini yaliyoleta nafuu hiyo ni nikeli na chuma vilivyopakwa kwa unene mdogo kuliko rangi ya ukutani.

Hesabu hiyo haina gharama ya kutenga nitrojeni kutoka hewani, ya mgandamizo mkubwa wa kutengeneza amonia, ya kuigeuza kuwa CAN, ya nitrojeni inayopotea njiani, ya mtambo wenyewe wala ya lori. Ni umeme wa kuvunja maji peke yake.

Ukiisoma vizuri, hesabu hii inamnyenyekeza mtu wa maabara. Kichocheo kinaokoa shilingi 3,300 kwa mfuko. Lakini uniti ikishuka kutoka shilingi 150 hadi shilingi 75, mfuko unaokoa zaidi ya shilingi 11,000 hata kama kibati ni cha zamani. Uniti ikipanda hadi 300, hakuna kichocheo kitakachomwokoa mwenye kiwanda. Kichocheo ni beringi nzuri, na beringi haipunguzi bei ya dizeli.

Yaliyowakuta Kwekwe

Mfano wa karibu uko Zimbabwe. Kampuni ya Sable Chemicals ya Kwekwe, inayotengeneza mbolea ya amonia naitreti, ilianza miaka ya 1970 kupata haidrojeni yake kwa kuvunja maji kwa umeme. Wakati huo umeme wa bwawa la Kariba ulikuwa mwingi na wa bei ndogo, na nchi haina gesi asilia inayochimbwa. Kwa zaidi ya miaka 40 wakulima wa tumbaku na mahindi wa Zimbabwe walitumia mbolea iliyotokana na maji, wengi wao pengine bila kujua kuwa kiwanda chao ni cha aina adimu barani.

Mwaka 2015 mitambo hiyo ya kuvunja maji ilizimwa. Umeme ulikuwa umeadimika na bei yake haikubebeka tena, na kiwanda kikategemea amonia iliyoagizwa kutoka nje, hasa Afrika Kusini. Sayansi ya vibati ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni bili.

Maabara na kiwanda

Matangazo ya vichocheo vipya hutoka karibu kila wiki, na msomaji wa kawaida anaweza kudhani kazi imekwisha. Yapo mambo machache ya kuyapima. Maabara nyingi hupima kichocheo kwa mkondo wa miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba, kwenye joto la kawaida la chumba. Mitambo ya alkali ya kiwandani hupitisha miliampea 200 hadi 400 na zaidi, kwenye nyuzi joto 70 au 80. Ng'ombe aliyebeba debe moja mpaka kisimani hajathibitisha kuwa atavuta mkokoteni.

La pili ni muda. Mwaka una saa 8,760. Kichocheo kikiripotiwa kudumu saa 500 katika maabara, hizo ni wiki tatu. Mitambo ya alkali inayouzwa leo hutarajiwa kufanya kazi saa 60,000 au zaidi kabla ya vibati kubadilishwa. Matabaka ya nikeli na chuma huanza kupoteza chuma chake kidogo kidogo ndani ya alkali, na unga usioshika vizuri hubanduliwa na mapovu. Kaboni, ambayo huleta matokeo mazuri sana mwanzoni, huliwa na oksijeni ileile inayotoka na kuwa hewa ya ukaa. Ndiyo maana wengi wanaofikiria kiwanda wameiacha kaboni upande wa oksijeni na kubaki na sifongo ya nikeli. Wapo wanaoacha chuma kidogo ndani ya alkali ili kilichopotea kwenye kibati kirudi chenyewe. Kwa njia ya mzunguko, wamerudi kwenye somo la jani.

La tatu linawahusu zaidi watu wa nchi zenye jua. Umeme wa sola hukatika jioni. Mtambo unapozimwa, mkondo mdogo hurudi kinyume na kuvisumbua vibati, na kuzima na kuwasha kila siku kwa mwaka mzima huvichosha kuliko kuvitumia mfululizo. Kichocheo kilichofaulu kwa umeme usiokatika bado kina mtihani wa kufanya shambani.

Madini na mitungi

Katika habari hii ukanda wetu haupo kama mnunuzi tu. Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, kuna akiba kubwa ya nikeli pamoja na shaba na kobalti, na Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba wa uendelezaji wake. Kobalti, ambayo pia ni kichocheo cha oksijeni, hutoka kwa wingi Kongo, kwenye migodi ya Kolwezi na jirani zake. Hata hivyo mtu asidanganywe kuwa mitambo hii itainua soko la nikeli. Kibati kinahitaji gramu, wakati viwanda vya chuma kisichoshika kutu na vya betri hununua kwa maelfu ya tani.

Umeme wa kujaribia nao umeanza kuonekana. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na Kenya ina mvuke wa Olkaria. Mwaka 2023 mtambo mdogo wa kutengeneza amonia kwa umeme wa jua uliletwa kwenye shamba la Kenya Nut Company nchini humo, ukiwa umekusudiwa kutoa tani moja kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kwa nchi, lakini kinatosha kwa shamba kubwa au kundi la vyama vya ushirika vyenye umwagiliaji.

Kisha kuna oksijeni yenyewe, ambayo waandishi wengi wa habari za haidrojeni huiacha ipotee hewani. Kila kilo ya haidrojeni huja na kilo nane za oksijeni. Mfuko mmoja wa CAN unaacha nyuma kilo 22, zaidi ya mitungi miwili mikubwa ya lita 40. Fundi wa kuchomelea anainunua. Hospitali za wilaya zinaihitaji, na miaka ya 2020 na 2021 ilionyesha inavyouma ikikosekana. Wanaozalisha vifaranga vya sato huijaza kwenye mifuko ya plastiki wanaposafirisha samaki kwenda mabwawa ya mbali. Lakini mitungi mingi sokoni hujazwa oksijeni iliyotengwa kutoka hewani kwa gharama ndogo, hivyo ya maji itapata faida pale tu ambapo mji uko mbali na kiwanda cha gesi na usafiri wa mtungi umekuwa sehemu kubwa ya bei. Kujaza kunataka pia kompresa maalumu isiyo na mafuta, ukaushaji na, kwa hospitali, vipimo vya usafi.

Viongozi wa AMCOS watakaofuatwa na wauzaji wa mitambo ya aina hii wasianze kwa kuuliza jina la kichocheo. Waulize uniti kwa kilo ya haidrojeni, na kama kipimo kilichukuliwa mtambo ukiwa mpya au baada ya mwaka. Waulize mtambo umezimwa na kuwashwa mara ngapi. Waulize kinachotoka mwisho ni nini, maana amonia ni gesi yenye sumu inayohitaji tangi, vifaa na watu waliofunzwa, na mkulima wa ekari mbili anataka mfuko wa CAN. Na mkataba useme wazi vibati vikichakaa vitapakwa upya wapi, kwa siku ngapi, na kwa fedha za nani.